Injini za Gemu na Uigaji wa Mifumo ya Saiba-Fizikia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanaotaka kutumia injini za gemu, yaani programu za kutengenezea michezo ya kompyuta kama Unity, Unreal, Godot na jamaa zake, kuiga magari, droni, roboti na mitambo. Majibu hayalingani kwa urefu. Yaliyo marefu ni ya mambo ambayo watu hukwama hapo kila mara, na la muda ndilo kubwa kuliko yote.

Mfumo wa saiba-fizikia ni nini hasa?

Ni mfumo ambamo kompyuta hukitazama kitu cha dunia halisi kwa vihisi, huamua, hukiamuru kwa mota au vali, kisha hutazama tena kilichotokea. Mzunguko huo haukomi. Droni, gari linalojiendesha, breki zinazozuia tairi zisijifunge, mkono wa roboti kiwandani, mtambo wa kusafisha maji na gridi ya umeme vyote vimo. Jina hilo lilianzishwa mwaka 2006 na Helen Gill wa NSF, shirika la Marekani linalofadhili utafiti wa sayansi, ingawa vitu vyenyewe vilikuwepo miaka mingi kabla.

Tofauti yake na programu nyingine ni kwamba dunia haimsubiri mtu. Tovuti ikichelewa nusu sekunde, mtumiaji hununa. Programu inayoiweka droni sawa hewani ikichelewa muda huohuo, droni imeshaanguka. Kwa hiyo unapoiga mfumo wa aina hii unaiga kitu pamoja na muda wake, na wengi hukumbuka kitu tu.

Mbona nitumie injini ya gemu wakati programu za uigaji zipo tele?

Kwa sababu ya macho. Simulink na lugha ya Modelica hutatua milinganyo vizuri sana: hukueleza shinikizo kwenye bomba, joto la mota, mkondo wa umeme. Lakini hazichori barabara yenye mvua, kivuli cha mti juu ya alama za njia, au mtu anayechomoza nyuma ya basi. Kihisi kikuu kikishakuwa kamera, unahitaji picha, na hakuna waliowekeza kwenye kuchora picha kwa haraka kama watengeneza gemu.

Wazo si jipya. Januari 2002 Michael Lewis na Jeffrey Jacobson waliandika kwenye jarida la Communications of the ACM kuhusu matumizi ya injini za gemu katika utafiti wa kisayansi. Baadaye ikaja USARSim, iliyojengwa juu ya Unreal Tournament ili kuiga roboti za uokoaji, ikaingia hadi mashindano ya roboti ya RoboCup. Mwaka 2017 zikatoka mbili zilizobadilisha hali: AirSim ya Microsoft kwa droni na magari, na CARLA kwa magari yanayojiendesha. Zote mbili zilikaa juu ya Unreal.

Sababu ya pili husemwa kidogo, nayo ni zana. Injini ya gemu huja na kihariri, miundo ya 3D iliyokwisha kuchongwa, na maelfu ya watu waliokwisha kuuliza swali lako kwenye mabaraza. Maabara ndogo haiwezi kujijengea hayo yote.

Je, fizikia ya injini ya gemu inaaminika?

Inategemea unaiuliza nini. Injini hizi zilitengenezwa ili kitu kionekane sawa machoni pa mchezaji na kisichelewe. Unity hutumia PhysX kwa vitu vya 3D, Unreal 5 hutumia Chaos, Godot ya karibuni inayo Jolt. Zote kimsingi hushughulika na miili migumu: masanduku, tufe, magurudumu, viungo. Husogeza kila mwili kwa hatua fupi za muda, kisha hurekebisha migongano kwa kuzungukia viungo na migusano mara chache, matokeo yakikaribia ukweli inatosha, zinaendelea mbele.

Hapo ndipo matatizo mawili yanapozaliwa. La kwanza ni kupenya. Droni inayokwenda mita 20 kwa sekunde, kwa hatua ya sekunde 0.02, huruka sentimita 40 kila hatua. Ubao mwembamba ukiwa katikati, hatua hii droni iko upande huu, hatua ijayo iko upande ule, na injini haijaona mgongano wowote. Kuna ukaguzi wa mgongano usiokatika, lakini mara nyingi huwa umezimwa mpaka uuwashe mwenyewe.

La pili ni ugumu wa springi. Kwa hatua hiyohiyo ya 0.02, springi isiyo na kitu cha kupunguza mtetemo ambayo kwa asili yake hutetemeka zaidi ya mara 16 hivi kwa sekunde itapandisha nishati yenyewe hadi kitu kiruke nje ya dunia yako. Ndiyo maana roboti ya viungo vingi hutikisika kama imeshikwa na homa, na ndiyo maana injini nyingi hulegeza viungo kimyakimya ili zisilipuke. Ukipima nguvu kwenye kiungo kilicholegezwa, unapima mapenzi ya mtengeneza injini.

Msimamo wangu ni huu: amini injini kwa jiometri, kwa kinachoonekana na kisichoonekana, kwa njia na vizuizi, na kwa mwendo wa wastani. Usiiamini kwa tairi inayoanza kuteleza, kwa vidole vinavyoshika kitu laini, kwa maji, kwa kitu kinachopinda, wala kwa umeme na joto. Hayo yanahitaji hesabu zake. Kwa roboti zinazogusana sana na vitu, programu ya fizikia ya MuJoCo, ambayo kampuni ya DeepMind iliinunua mwaka 2021 na kuifanya huria mwaka uliofuata, ni mahali pazuri zaidi pa kuanzia kuliko injini yoyote ya gemu.

Nimeambiwa tatizo kubwa ni saa. Kivipi?

Katika uigaji mmoja kuna saa nne: saa ya ukutani, saa ya fremu za picha, saa ya fizikia, na saa ya kidhibiti chako, yaani programu inayosoma vihisi na kutoa amri. Usipoamua ni ipi inayoongoza, zitaamua zenyewe, na uamuzi wao hubadilika kila kompyuta inapopata kazi nyingine.

Tazama kinachotokea. Unity, kwa mipangilio yake ya mwanzo, husogeza fizikia kila sekunde 0.02, yaani mara 50 kwa sekunde. Godot mara 60. Unreal, usipogusa kitu, hufuata urefu wa fremu, hivyo fremu ikirefuka na hatua ya fizikia hurefuka. Sasa weka kamera tatu zenye picha kubwa. Kadi ya picha inaelemewa, fremu zinapungua. Unity itajaribu kufidia kwa kupiga hatua nyingi za fizikia ndani ya fremu moja, lakini ina kikomo, kwa kawaida theluthi moja ya sekunde. Fremu ikizidi hapo, injini huacha kufidia, na muda wa uigaji hubaki nyuma ya saa ya ukutani. Kidhibiti chako, kinachoendeshwa na programu nyingine inayosoma saa ya ukutani, hakijui lolote. Kinaona gari limekwenda polepole kuliko ilivyotarajiwa, kinaongeza mafuta. Wewe unakaa siku nzima ukirekebisha vigezo vya kidhibiti kisicho na kosa.

Dawa ni kwenda kwa zamu. Injini hupiga hatua moja ya urefu usiobadilika, hutoa data za vihisi, husimama. Kidhibiti husoma, huamua, hutuma amri. Ndipo injini hupiga hatua nyingine. CARLA inao mtindo huu: seva husubiri ishara ya mteja kabla ya kusogea. Kumbuka kuuwasha, kwa kuwa CARLA huanza bila huo. Programu ya kuongozea droni ya PX4 nayo hukubali kwenda kwa zamu na kiigaji. Ukifanya hivyo, haijalishi sekunde moja ya uigaji imechukua sekunde 10 za ukutani. Majibu ni yaleyale.

Kitu kimoja zaidi. Kidhibiti cha ndani cha droni huzunguka mamia ya mara kwa sekunde, wakati mwingine 1,000. Picha hazihitaji zaidi ya 30. Usiilazimishe injini ichore fremu 1,000. Acha fizikia na kidhibiti vipige hatua nyingi ndogo kati ya picha moja na nyingine, na uwe na uhakika kila kipimo kinabeba muhuri wa saa ya uigaji.

Na nikiwa na kidhibiti halisi, kifaa cha kushika mkononi, kimeunganishwa na uigaji?

Hapo zamu haiwezekani, kwa sababu kifaa kina saa yake na hakiwezi kusimamishwa. Injini inalazimika kwenda sambamba na saa ya ukutani bila kuchelewa hata mara moja, jambo ambalo mifumo endeshi ya kawaida ya kompyuta haiahidi. Watu wenye busara huweka hesabu za haraka kwenye kompyuta maalumu ya muda halisi, na injini ya gemu hupokea tu mahali pa vitu ili ichore. Angalau pima: rekodi urefu wa kila hatua, kisha tazama ile mbaya kuliko zote. Wastani hapa hudanganya, kwani hatua moja iliyochelewa inatosha kuangusha droni.

Nimeendesha jaribio lilelile mara mbili, matokeo hayafanani. Kosa liko wapi?

Anza na saa, kama hapo juu. Ikiwa saa ni salama, tafuta namba za bahati nasibu zisizo na mbegu maalumu, yaani namba ya kuanzia inayofanya zijirudie vilevile: watembea kwa miguu, hali ya hewa, kelele za vihisi. Kisha kuna jambo lisiloonekana. Kujumlisha namba za desimali kwa mpangilio tofauti hutoa majibu yanayotofautiana kidogo sana, na nyuzi nyingi za prosesa, yaani kazi zinazokwenda sambamba, haziahidi mpangilio. Tofauti hiyo hulala kimya mpaka pawe na mgongano, halafu magari mawili yaliyogongana hutupwa pande mbili tofauti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol waliochunguza injini za gemu kwa ajili ya kuthibitisha magari yanayojiendesha waliona hilohilo: njia za magari zilianza kuachana kwenye migongano na kompyuta ilipoelemewa.

Kwa vitendo: endesha jaribio moja mara nyingi, pima mtawanyiko wa mahali pa gari, na uamue kama unakubalika kwa swali lako. Matokeo ya baada ya mgongano yatupe. Mara nyingi ulichotaka kujua ni kama walikaribia kugongana, na hilo lilishajulikana kabla.

Roboti yangu inageuka kushoto nikiiamuru kulia. Kwa nini?

Mihimili. Unity hutumia mfumo wa mkono wa kushoto, Y ikielekea juu. Unreal ni mkono wa kushoto pia, lakini Z ndiyo juu, na kipimo chake ni sentimita. ROS, mfumo unaotumiwa na roboti nyingi, ni mkono wa kulia: X mbele, Y kushoto, Z juu, kwa mita. Nukta iliyo kwenye X 250 na Y 100 ndani ya Unreal, kwa ROS ni X 2.5 na Y -1.0. Watu hukumbuka kugawa kwa 100, husahau kugeuza alama ya Y, na wakikumbuka Y husahau kwamba mwelekeo wa mzunguko nao hugeuka. Andika ubadilishaji huo mahali pamoja tu kwenye msimbo wako, uujaribu kwa robo mzunguko kwenye kila mhimili, na usiruhusu mtu mwingine auandike tena kwingine.

Vitu vinatetemeka nikienda mbali na katikati ya ramani.

Namba za desimali za biti 32 zina takriban tarakimu saba za maana. Kwa mita, ukiwa kilomita 10 kutoka katikati, hatua ndogo kabisa inayoweza kuandikwa ni kama milimita 1. Kilomita 100, karibu milimita 8. Unreal 5 imehamia namba za biti 64 kwa mahali pa vitu, na Godot unaweza kuijenga upya ili izitumie. Kwingineko, isogeze dunia yote ili gari libaki karibu na katikati.

Vihisi vya kuigwa vinafanana na vya kweli?

Vinafanana kwa macho, na hapo ndipo hatari ilipo. Chukua lida, kihisi kinachopima umbali kwa leza. Injini hurusha mionzi ya kihesabu na kuona ilikogonga. Lakini mara nyingi mionzi hiyo hugonga umbo la mgongano, ambalo limerahisishwa, wala haigongi umbo unaloliona: mti wenye majani elfu moja kwa lida ni bomba moja. Kioo cha dirisha, ambacho leza halisi hukipenya kwa sehemu kubwa, huwa ukuta. Na lida halisi inayozunguka mara 10 kwa sekunde huchukua sekunde 0.1 kumaliza duara. Gari likienda mita 20 kwa sekunde, limesogea mita 2 kati ya mwanzo na mwisho wa duara hilo, hivyo picha yake imepinda. Injini ikirusha mionzi yote ndani ya fremu moja, hakuna kupinda, na algoriti yako ya kurekebisha mpindo haijajaribiwa kamwe.

Kipima mchapuko kina mtego wake. Kikiwa kimetulia mezani, kifaa halisi husoma takriban mita 9.8 kwa sekunde mraba kuelekea juu. Ukikokotoa mchapuko kwa kutoa kasi ya fremu hii na ya fremu iliyopita, utapata sifuri. Ongeza mvutano mwenyewe, ongeza kelele, ongeza upotofu unaotambaa taratibu. Kelele ya kubahatisha peke yake haitoshi, kwa maana kidhibiti huichuja kirahisi. Kinachokishinda ni upotofu unaokaa.

Kamera ni bora kidogo. Kumbuka tu kwamba kamera nyingi halisi husoma picha mstari kwa mstari, na kwamba picha ya kweli humfikia kidhibiti ikiwa imechelewa.

Upande wa saiba, yaani mtandao na mashambulizi, unaweza kuigwa humo?

Unaweza, na kwa maoni yangu ni matumizi yanayodharauliwa. Tengeneza tangi la maji ndani ya Unity, pampu, vali na kipima kina. Unganisha na PLC halisi, yaani kompyuta ndogo ya kuendeshea mitambo, au na OpenPLC, ambayo ni PLC ya programu, kwa itifaki ya Modbus. Itifaki hiyo ni ya mwaka 1979 na haiulizi nenosiri: yeyote aliye kwenye mtandao anaweza kuandika namba kwenye rejista. Mwache mwanafunzi aiandike, aone tangi likifurika. Kwenye mtambo halisi hakuna atakayemruhusu.

Kinachofundisha zaidi ni kutenganisha kinachotokea na kinachoonyeshwa. Stuxnet, programu hasidi iliyogunduliwa mwaka 2010 na iliyolenga mashinepewa (mitambo inayozunguka kwa kasi kurutubisha urani) za Natanz nchini Iran, ilibadilisha kasi ya mitambo hiyo huku ikiwaonyesha waendeshaji vipimo vya kawaida vilivyorekodiwa kabla. Ndani ya injini unaweza kuweka skrini ya mwendeshaji upande mmoja na mtambo upande wa pili, ukaliona pengo hilo likikua.

Ila usiiulize injini kuhusu mtandao wenyewe. Ucheleweshaji, pakiti zinazopotea na redio zinazoingiliana ni kazi ya viigaji vya mitandao kama ns-3 au OMNeT++. Mfumo wa mtandao wa gemu ulio ndani ya injini umetengenezwa ili kumficha mchezaji ucheleweshaji asiuone, kinyume kabisa na unachotaka.

Naunganishaje injini na hesabu nzito za nje?

Kiwango cha FMI, cha kubadilishana modeli kati ya programu za uigaji, kipo kwa ajili hiyo. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2010, la pili 2014, la tatu 2022. Unafungasha modeli ya mota au betri kutoka kwenye programu ya Modelica, injini inaiita kila hatua: hii hapa nguvu, nipe kasi. Angalia tu urefu wa hatua ya kubadilishana. Kila upande unatumia thamani ya zamani ya mwenzake mpaka hatua inayofuata, na mifumo miwili iliyo imara kila mmoja peke yake inaweza kuyumba ikiunganishwa kwa hatua ndefu. Ifupishe hatua kwa nusu. Majibu yakibadilika sana, bado ni ndefu.

Nichague injini gani?

Kama kazi ni magari yanayojiendesha, anza na CARLA, usijenge upya. Kama ni kiwanda, tangi au mkono wa roboti, Unity ni nyepesi kujifunza. Kama unataka kuona na kubadilisha kila mstari wa msimbo, Godot ni huria kwa leseni ya MIT. Unreal huchora vizuri kuliko zote na msimbo wake unasomeka, lakini C++ yake itakula muda wako.

Tazama pia umri wa kiigaji. Microsoft iliachana na AirSim ya awali mwaka 2022, na kiigaji cha LG cha magari, kilichojengwa juu ya Unity, kilisitishwa karibu na wakati huo. Vyote vilikuwa na watumiaji wengi. Hifadhi kidhibiti na majaribio yako nje ya injini, nyuma ya kiolesura chako mwenyewe.

Leseni?

Soma kabla ya kuanza. Kampuni zisizo za gemu zenye mapato ya zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka hulipia Unreal kwa kila mtumiaji tangu mwaka 2024. Unity ilitangaza ada ya kila usakinishaji Septemba 2023, ikaifuta mwaka mmoja baadaye baada ya malalamiko makubwa. Masharti hubadilika.

Lazima niwe na kadi ya picha yenye nguvu?

Bila kamera wala lida inayotumia kadi ya picha, hapana. Unity, Unreal na Godot zote huweza kuendeshwa bila skrini, na seva ya kawaida inatosha. Ukizima uchoraji kabisa, kamera za uigaji nazo hufa.

Kila kitu kinafanya kazi kwenye uigaji, kwenye kifaa halisi hakuna kinachofanya kazi. Nianzie wapi?

Anzia kwenye rekodi. Chukua amri zilizotumwa kwa kifaa halisi, zicheze ndani ya uigaji bila kidhibiti, ulinganishe mwendo wa pande zote mbili. Bila kidhibiti, kwa sababu mrejesho huficha makosa ya modeli. Gari la kuigwa likifika kasi fulani mapema, uzito au msuguano haupo sawa. Likiongeza kasi kwa kiwango kilekile lakini limeanza mapema, kuna ucheleweshaji ambao hukuuweka, na kwa kawaida huo ndio unaokosekana.

Ukishalinganisha, badilisha vigezo usivyovijua kwa kubahatisha katika kila jaribio: uzito, msuguano, mwanga, rangi za kuta, ucheleweshaji. Mwaka 2017 Josh Tobin na wenzake walionyesha kwamba roboti iliyofunzwa kwa picha za kuigwa tu, zenye rangi na mwanga uliobadilishwa ovyo, iliweza kutambua mahali pa vitu halisi. Mipaka ya kubahatisha itoke kwenye vipimo vyako. Ukiifanya mipana mno kidhibiti kinakuwa mwoga, kinakwenda taratibu kila mahali, na utadhani kimejifunza usalama.